Waliokufa kwa Ritifaa

Kuna nchi moja ambayo ukiitafuta kwenye ramani utaikosa, kwa sababu kibali cha kuichora kiko mezani kwa ofisa aliye likizo. Ni nchi njema. Ina mvua, ina mihogo, ina mawaziri thelathini na tisa, na ina Mwongozo.

Mwongozo ni kitabu cha kurasa mia nne na kumi na mbili kinachoeleza jinsi watumishi wa serikali wanavyopaswa kutumia kompyuta. Nchi nyingine nazo zina vitabu vya namna hiyo, ila havisomwi na mtu. Huku kilisomwa. Karani aliyebonyeza kitufe kisichotajwa humo alihojiwa. Karani mwingine aliona moshi unatoka kwenye kompyuta yake, akafungua Mwongozo kwanza, akakuta neno moshi halimo, akaendelea na kazi.

Kitabu hicho kilikuwa na wakubwa wengi, lakini aliyekishikia kalamu alikuwa mmoja tu: Sekunda Luhende, Mwandishi wa Miongozo Daraja la Tatu, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mpole, mwenye chumba kidogo nyuma ya masijala. Daraja la Pili na la Kwanza hayakuwa na watu. Yaliachwa wazi kwa heshima.

Sasa, ukurasa wa 88. Ukurasa huo ulihusu kuingiza majina ya wananchi katika Daftari Kuu, na ulikuwa na sentensi fupi kuliko zote kitabuni: Tumia Shuhuda. Shuhuda ilikuwa programu ndogo ya kumsaidia karani kuhamisha majina kutoka kwenye karatasi. Ilizinduliwa miaka kumi na minne iliyopita na Mheshimiwa Rais mwenyewe, aliyekata utepe uliofungwa kuizunguka kompyuta. Mkasi ule uko makumbusho, ndani ya sanduku la kioo, na wanafunzi hupelekwa kuutazama.

Programu ile ilikuwa na ila moja. Haikuijua ritifaa, kile kialama kinachokaa begani mwa ng', kama kwenye ng'ombe na ng'ambo. Shuhuda ikikutana nacho ilidhani jina limeishia hapo. Na kwa kuwa nusu ya jina haikubaliki, iliamua kwamba mwenye jina alifia njiani wakati anajiandikisha. Ikaandika: marehemu. Mwaka wa kisa hiki wizara iliagiza majina yote yapitishwe upya, na kufikia mwezi Machi watu elfu sitini na mbili walikuwa wamekufa, wengi wao wakiwa shambani.

Waliotengeneza Shuhuda walikuwa wamekwisha kuiacha wao wenyewe. Walitengeneza nyingine, wakaiita Kiungo, wakaitoa bure, na ilikuwa imewekwa katika kila kompyuta ya serikali kwa miaka minne. Hakuna aliyeigusa. Haikuwa kwenye Mwongozo.

*

Asubuhi moja ya Oktoba mwanamke mzee alikuja akipapasa ukuta wa korido mpaka akaufikia mlango wa Sekunda. Alivaa sweta juu ya kitenge, na kwapani alibana mkoba wa ngozi wa walimu wa zamani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo wanapopokea marehemu?"

Sekunda alisimama. "Umefiwa, bibi? Pole sana."

"Nimefiwa na mimi mwenyewe." Alikitafuta kiti kwa mkono, akaketi. "Naitwa Perpetua Ng'walida. Mwalimu mstaafu wa Kiswahili, miaka thelathini na minane darasani. Nimekufa tangu mwezi wa tatu. Kaunta ya kwanza wamesema hawahudumii waliokufa. Kaunta ya pili wamenitaka nilete cheti changu cha kifo. Kaunta ya tatu kuna karani mmoja mwenye utu, amenipa pole ya msiba, kisha akafunga dirisha."

Sekunda aliuma mdomo asicheke. "Na una shida gani hasa, mwalimu? Ukiacha hiyo ya kufa."

"Macho." Perpetua alivua miwani. Mboni zake zilikuwa na utando mweupe kama maji ya mchele. "Tarehe ishirini Novemba kambi ya macho inakuja hospitali ya wilaya. Madaktari bingwa, siku tatu, mara moja kwa mwaka. Nina mtoto wa jicho pande zote mbili, na kwenye orodha mimi ni namba kumi na saba. Sasa wameniambia wodi ya macho haipokei marehemu. Mlango wa marehemu uko nyuma. Na daktari amesema jicho la kushoto halitangoja mwakani." Akairudisha miwani. "Giza siliogopi, mwanangu. Kutosoma ndiko kunakoniua, na hapo Daftari lenu halijakosea."

Sekunda alimmiminia chai, akageukia kompyuta, akaifungua Kiungo kwa mara ya kwanza, akaandika jina pamoja na ritifaa yake. Chai haijapoa, Perpetua alikuwa hai. Kioo kilisema hivyo kwa herufi za kijani. Sekunda alichapa karatasi, akamshika bibi mkono, wakaenda kaunta ya tatu ikagongwe muhuri wa Daftari Kuu.

Karani aliisoma karatasi mbele na nyuma. "Hii imetoka kwenye Kiungo, dada Sekunda. Wewe ndiye mwenye Mwongozo. Niambie ni ukurasa wa ngapi."

"Ukurasa haupo bado. Lakini bibi huyu hapa, mtazame."

"Kama ukurasa haupo," alisema karani kwa huzuni ya kweli, "basi na yeye hayupo."

*

Mkurugenzi wa Miongozo, Leonidas Bwakila, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na koti ambalo alilifunga vifungo kila alipotaka kusema jambo kubwa. Sekunda alipomweleza kwamba ukurasa wa 88 usomeke Inapendekezwa kutumia Kiungo, alivifunga vyote vitatu.

"Unataka tupendekeze kipya."

"Ndiyo, mkurugenzi. Ni sentensi moja."

"Sentensi moja!" Alisimama. "Sekunda, Shuhuda ni mzazi. Mzazi akizeeka humpendekezi mzazi mwingine. Unamvumilia, unamwekea mto mgongoni. Ukisema Kiungo inafaa zaidi, umesema Shuhuda haifai. Ukisema haifai, umesema aliyeizindua alizindua kisichofaa. Na aliyeizindua ni nani?"

Wote wawili walitazama dari.

"Mimi sijasema kitu," alisema Sekunda.

"Vizuri. Basi tuunde kamati."

Kamati ilikwenda kukaa siku tisa katika hoteli yenye chemchemi za maji moto, kwa kuwa suala lilihitaji utulivu. Ikakubaliana mapema kwamba watu kufa bila kufa si jambo zuri. Ugumu ulikuwa kwenye kitenzi. Inapendekezwa lilionekana neno kali. Inashauriwa lilionyesha kwamba serikali inaweza kushauriwa. Inaruhusiwa lingefanya watu waulize kwa nini ilikatazwa. Siku ya nane mjumbe wa Idara ya Sheria, akiwa na taulo shingoni, alipendekeza Haikatazwi sana. Walipiga makofi, wakapeleka taarifa kwa waziri.

Waziri wa Mifumo na Maelekezo, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Apolinari Kirumbi, alisoma taarifa hadi ukurasa wa pili, akaifunga, akaita waandishi wa habari.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumechunguza, tumebaini. Chombo ni kizima. Kasoro iko kwenye majina! Kialama kimoja, kidogo kama kinyesi cha nzi, kimewaua wenzetu elfu sitini na mbili. Serikali sikivu haiwezi kumtazama muuaji akitembea juu ya maneno yetu mchana kweupe. Kuanzia Jumatatu, ritifaa ni marufuku!"

Jumatatu ilifika. Polisi walipita buchani na ndoo za rangi, wakawafuta ng'ombe wa mabango begani. Shuleni walimu waliambiwa watamke ngombe, kama wanaosema ngoma. Redioni mtangazaji wa soko la mifugo, kila alipofika kwenye neno lenyewe, alikohoa. Mwongozo nao ulisuguliwa, na Sekunda ndiye aliyeusugua, ukurasa baada ya ukurasa, akijisikia kama mtu anayemnyonyoa kuku aliye hai.

Wafu hawakupata nafuu yoyote. Ili uondolewe ritifaa katika Daftari Kuu ulitakiwa kuomba kubadilishiwa jina, na marehemu haruhusiwi kubadilisha jina.

*

Jumatano Perpetua alirudi kuuliza habari ya shauri lake. Sekunda alimkuta amesimama langoni, ameelekeza sikio juu. Mafundi walikuwa kwenye ngazi na nyundo.

"Wanagonga nini hapo?"

"Wanatoa ritifaa kwenye kaulimbiu ya wizara, mwalimu. Zile herufi za chuma."

"Kaulimbiu inasemaje?"

Ilikuwa imeandikwa NG'OA RUSHWA, kila herufi mita mbili. Kipande cha chuma kilianguka chini, pwaa. Sekunda akasoma kilichobaki. "Ngoa Rushwa."

"Soma tena."

"Ngoa Rushwa."

Perpetua alishika nguzo ya lango. Sekunda alidhani anaanguka, kumbe anacheka. "Mwanangu, ngoa! Unaijua ngoa wewe? Ng'oa ni kama jino, ni kama kisiki. Ngoa ni uchu. Ngoa ni ile tamaa inayomwasha mtu moyoni hata asilale. Watu hulia ngoa, watu hutimiza ngoa!" Alifuta machozi kwa ncha ya kitenge, na sasa watu wote wa foleni walikuwa wamegeuka. "Mmeandika kwa chuma kwamba hapa kuna uchu wa rushwa. Miaka thelathini na minane nafundisha insha, sijaona serikali ikijieleza vizuri namna hii."

Mlinzi alicheka, akajizuia, akashindwa. Mtu mmoja kwenye foleni alikuwa amenyanyua simu. Kabla ya saa sita mchana nchi nzima ilikuwa inamtazama ajuza akicheka chini ya lango la wizara.

Polisi wanne walitumwa kumkamata. Walimkuta ofisini kwa Sekunda anakunywa chai. Kiongozi wao aliliingiza jina kwenye Daftari Kuu, kama Mwongozo unavyotaka, akapata jibu, akawaita wenzake pembeni. Walinong'ona sana. Hakuna aliyekumbuka sheria ya kumkamata marehemu. Mwishowe wakavua kofia, wakatoa pole kwa wafiwa, wakaondoka.

Kufikia Alhamisi watu walikuwa wanasalimiana sokoni kwa "Ngoa!" na kuitikiana "Rushwa!" huku wakijipapasa matumbo. Ijumaa waziri aliita tena waandishi. "Serikali haijawahi kupiga marufuku ritifaa," alisema. "Tuliipa likizo. Imepumzika, imerudi na nguvu mpya."

Elfu sitini na mbili waliendelea kuwa wafu. Ilikuwa tarehe kumi na mbili Novemba.

*

Mkurugenzi Bwakila alimwita Sekunda. Ritifaa zote zirudishwe kwenye Mwongozo upesi. Aandae orodha ya masahihisho ya uchapaji, ukurasa kwa ukurasa, isambazwe kwenye kaunta zote za nchi.

Hapa yafaa nieleze jambo dogo la utaratibu. Kubadilisha maana ya sentensi katika Mwongozo kulihitaji kamati, waziri na chemchemi za maji moto. Kusahihisha kosa la uchapaji kulihitaji saini moja.

Sekunda aliandaa orodha kwa siku mbili. Mahali penye ritifaa palikuwa mia tatu na kumi na sita. Alipofika sahihisho la 203, akasimamisha vidole. Aliifikiria kazi yake, miaka minane ya kufika saa moja na nusu. Aliwafikiria wazazi wake, waliotundika barua yake ya ajira ukutani karibu na picha ya kipaimara. Kisha akaifikiria ile namba kumi na saba, na mlango wa nyuma. Akaandika: 204. Ukurasa wa 88, palipoandikwa Shuhuda pasomeke Kiungo. Akaifuta. Akaenda kunawa mikono, akarudi, akaiandika tena.

Mkurugenzi aliifunua orodha polepole.

"Zote hizi ni ritifaa?"

"Zote zinahusu ritifaa, mkurugenzi."

Lilikuwa jibu la kweli. Kidole cha mkurugenzi kilishuka ukurasa wa tano, wa sita, kikasimama. Kilisimama kwenye 203. Ukucha wake uligusa kichwa cha 204.

"Kung'amua," alisoma. "Hili neno nalisikia sana. Maana yake nini hasa?"

"Kugundua jambo lililofichika, mkurugenzi."

"Neno zuri," alisema Bwakila, akasaini.

Jumatatu orodha ilifika kwenye kaunta. Makarani walifungua ukurasa wa 88, wakalikata Shuhuda kwa rula, wakaandika Kiungo juu yake kwa mwandiko mzuri. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Ilikuwa imesainiwa. Majina yakaanza kupitishwa upya, saa nne wafu wa kwanza walianza kufufuka, na kufikia Jumanne jioni makaburi yote ya Daftari Kuu yalikuwa matupu.

Si kila mtu alifurahi. Diwani mmoja aliyepita bila kupingwa alisikitika kusikia kwamba mpinzani wake, Bwana Nang'unda, anapumua. Mama mmoja alirudi kuwa hai akakuta mumewe ameshapeleka posa kwingine, na akataka aonyeshwe tarehe ya posa hiyo.

Wizara ilikaa kimya nusu siku. Kisha magazeti yakatoka na kichwa cha habari kimoja: SERIKALI YAFUFUA ELFU SITINI NA MBILI. Waziri Kirumbi alihutubia uwanjani chini ya miavuli. "Serikali zilizotangulia ziliwaahidi maisha bora," alisema. "Sisi tumewapa maisha yenyewe!"

Sekunda aliitwa kwa mkurugenzi, akapewa bahasha moja yenye barua mbili, zote kwa mkono na saini yake. Ya kwanza ilimpongeza kwa sahihisho la 204. Ya pili ilimwonya kwa sahihisho la 204, na kumhamishia mkoa wa mpakani kuwa Mtunza Viti.

Koti la Bwakila siku hiyo halikufungwa kifungo hata kimoja. "Kukushtaki ni kusema si sisi tuliowafufua," alisema. "Kukuacha hapa ni kusema mtu mmoja anaweza kubadilisha sentensi. Nifanyeje, Sekunda? Uliniambia ni ritifaa."

"Nilisema zinahusu ritifaa, mkurugenzi. Bibi yule angepofuka."

Bwakila alishika kifungo cha koti, akakiachia. "Kung'amua," alisema hatimaye, kama mtu anayeonja dawa.

*

Tarehe ishirini Sekunda alimsindikiza Perpetua hospitali, wakaingilia mlango wa mbele. Namba kumi na saba iliitwa saa tano. Kesho yake asubuhi nesi alifungua bandeji ya jicho la kushoto mbele ya wodi nzima, vitanda ishirini vya watu waliofungwa jicho moja moja.

Perpetua alipepesa. Alimtazama kwanza Sekunda, muda mrefu.

"Ndiye wewe? Sauti yako imenidanganya. Nilidhani mnene." Akamshika shavu. Kisha akatazama huku na huku, dirisha, beseni, vidole vyake mwenyewe, mpaka akafika ukutani. "Na yule mzee mgonjwa pale juu ni nani?"

"Bibi!" alisema nesi. "Yule ni Mheshimiwa Rais. Picha ni ya mwaka huu."

"Yule? Mbona amechakaa hivyo? Nilipoanza kuona ukungu alikuwa kijana." Perpetua alitafakari. "Kumbe mtoto wa jicho alikuwa anamtunza."

Nesi alikwenda akafunga mlango, ndipo akacheka.

"Nipe kitu nisome," alisema Perpetua. "Chochote."

Kwenye mkoba wa Sekunda hakukuwa na kitu chenye maandishi ila ile barua ya pili. Alisita, akamkabidhi. Bibi aliisoma kwa kuchezesha midomo, mstari kwa mstari, na tabasamu lake likafifia.

"Hii ni kwa ajili yangu."

"Hapana, mwalimu. Ni kwa ajili ya sentensi."

"Usinidanganye, sasa naona." Aliilaza barua mapajani. Sekunda alitaka kusema kwamba si neno, kwamba mpakani nako ni kwa watu, lakini akaona afadhali atazame dirishani. Aliposikia mkoba wa ngozi unafunguliwa aligeuka. Perpetua alikuwa ametoa kalamu nyekundu.

"Uhamisho ameandika huamisho," alisema bibi, akachora duara. "Hapa ameacha nafasi katikati ya ku na ripoti. Hapa kiti na viti ameviozesha ndoa isiyofaa. Na mstari huu sijui alikuwa anazungumza na nani." Mkono haukusimama. Alipofika chini aliandika kwa herufi kubwa, akapiga mstari: Kumi na nane kwa mia. Umuone mwalimu.

"Mrudishie aliyeiandika."

"Mwalimu! Atanifukuza."

"Akufukuzie wapi? Wamekwisha kukupeleka mwisho wa nchi."

Sekunda aliitazama ile barua, nyekundu kama kitambaa cha harusi. Akaanza kucheka, kicheko ambacho hakukitegemea, kikamtoa machozi aliyokuwa ameyazuia tangu apewe bahasha. Mzee wa kitanda cha jirani, kumbe alikuwa anasikiliza, alivuta droo yake, akamnyooshea bahasha na stempu.

Sekunda aliketi ukingoni mwa kitanda, akaiweka bahasha gotini. Wodi nzima ilimkodolea macho, kila mmoja kwa jicho alilokuwa nalo, wakati anaandika jina la mkurugenzi kwa utulivu, herufi moja baada ya nyingine, bila kukosea.